Michael Bennett na Watu wa Mustari wa Nyuma

Katika teatre kubwa za muji wa New York kuko wachezaji wa dansi ambao majina yao hayajulikani. Wanacheza mustari moja nyuma ya mwimbaji mukubwa, na kazi ikiisha wanaenda tena kutafuta ingine. Michael Bennett alitoka kati ya watu hao.

Alizaliwa Buffalo, Marekani, tarehe 8 Aprili 1943. Baba yake alikuwa fundi wa mashini, mama yake sekretere. Aliacha masomo ya sekondari mbele ya kuyamaliza (walimu wetu watusamehe!), akazunguka Ulaya na kundi lililocheza West Side Story. Kisha akacheza New York, mustari wa nyuma, halafu yeye mwenyewe akawa mutu wa kupanga hatua za wachezaji.

Mwezi wa kwanza 1974, wachezaji wawili waliita wenzao wazungumze juu ya maisha yao. Bennett akakuja, na mashini ikarekodi. Walikaa chini usiku kucha, mpaka jua likapanda. Kila mutu akasema jina lake, alizaliwa wapi, na kwa nini alianza kucheza.

Kutoka maneno hayo Bennett akatengeneza A Chorus Line. Watu 17 wako kwenye mutihani wa kazi, nafasi ni 8 tu. Muziki uliandikwa na Marvin Hamlisch, na maneno ya nyimbo na Edward Kleban. Wimbo wa kwanza ni mutihani wenyewe: mwalimu anahesabu hatua, na kati ya hesabu wachezaji wanaimba hofu yao ya kukosa kazi. Katika wimbo mwingine, wanawake watatu wanakumbuka nyumba zenye huzuni, na somo la dansi walilokimbilia wakiwa watoto. Mwishoni wote wanarudi na nguo za rangi ya zahabu, wanasifu nyota mumoja ambaye hatumuoni. Hapo ndipo inauma. Muziki ni wa furaha kabisa, lakini wale tuliojua maisha yao, sasa hatuwezi tena kutofautisha huyu na yule.

Kuko jambo lingine la kusikitisha. Wachezaji walisaini karatasi, wakatoa masimulizi yao kwa dola 1 kila mutu. Tena wengine walipaswa kufanya mutihani ili wacheze maisha yao wenyewe! Baadaye Bennett aliwagawia sehemu ya faida, lakini wengine waliendelea kulalamika, na mimi ninaona walikuwa na haki. Bila usiku ule, mchezo haungekuwako.

Mchezo ulianza 1975, ukapata zawadi ya Pulitzer 1976, na zawadi 9 za Tony. Bennett alikufa kwa SIDA tarehe 2 Julai 1987, akiwa na miaka 44. Wakati ule mchezo ulikuwa ungali unaendelea, na kila jioni wachezaji wapya walisimama kwenye mustari. Ulifungwa tarehe 28 Aprili 1990, ukiwa umechezwa mara 6.137.