George de Hevesy: Mkemia aliyeficha dhahabu mbele ya macho ya Wanazi

Aprili 9, 1940, wanajeshi wa Ujerumani wakipiga gwaride katika barabara za Copenhagen, Denmark, George de Hevesy alikuwa maabarani aking’ang’ana na medali mbili za dhahabu. Zilikuwa za tuzo ya Nobel na hazikuwa zake. Moja ilikuwa ya Max von Laue, nyingine ya James Franck, wanafizikia wa Ujerumani waliozikabidhi kwa taasisi ya Niels Bohr ili Wanazi wasizinyakue.

Kutoa dhahabu Ujerumani wakati huo lilikuwa kosa kubwa, na majina ya wenyewe yalikuwa yamechongwa juu ya medali. Franck, aliyekuwa Myahudi, alikuwa ameshahama. Laue alikuwa bado Ujerumani. Medali zikipatikana, angekiona cha mtema kuni. Wazo la kuzizika lilitajwa, lakini Bohr akahofia zingefukuliwa. Hevesy akaamua kuziyeyusha katika asidi.

Hevesy alizaliwa Budapest, Hungaria, Agosti 1, 1885, katika familia tajiri yenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1911 alienda Manchester, Uingereza, kufanya kazi na Ernest Rutherford. Huko alipewa kibarua cha kutenganisha radiamu D na risasi, ile metali nzito. Alihangaika karibu miaka miwili, wapi! Kumbe radiamu D yenyewe ni aina ya risasi, ila hii inatoa mionzi. Hakuna kemikali ingeweza kuzitenga.

Hapo ndipo kijana huyu alipopata wazo lake kubwa. Kama haziachani, mbona asizichanganye makusudi, kisha afuate mionzi kuona risasi inaenda wapi? Inasimuliwa kwamba alimjaribu nayo mama mwenye nyumba aliyempangisha, akishuku analishwa mabaki. Alitia chembe za mionzi kwenye kiporo, na siku chache baadaye kifaa chake kikagundua mionzi katika chakula kipya. Mama akaumbuka.

Mwaka 1913, akiwa Vienna na Friedrich Paneth, aliitumia mbinu hiyo katika utafiti rasmi. Baadaye alifuatilia risasi ndani ya mimea, na fosforasi ndani ya panya, akaonyesha kwamba hata mifupa hubadilisha atomu zake kila mara. Mwaka 1923 yeye na Dirk Coster waligundua elementi ya hafniamu. Leo hospitali hutumia mbinu yake kuchunguza magonjwa mwilini.

Turudi maabarani. Dhahabu ni kaidi. Haishiki kutu, na asidi ya naitriki peke yake haiiwezi. Hidrokloriki peke yake pia inashindwa. Lakini ukichanganya sehemu moja ya naitriki na tatu za hidrokloriki, unapata maji ya kifalme. Naitriki huinyang’anya kila atomu ya dhahabu elektroni tatu, halafu kloridi nne kutoka asidi ya pili huizingira na kuishikilia ndani ya maji. Bila kloridi hizo, kazi ingekwama mwanzoni tu.

Hata hivyo haikuwa mteremko. Kila medali ilikuwa na takriban gramu 200 za dhahabu ya kareti 23, na kazi ilimla siku nzima. Mwishowe alibaki na maji ya rangi ya machungwa, akayaweka rafuni pamoja na kemikali nyingine. Wajerumani waliikalia taasisi na kuipekua. Chupa hawakuishughulikia.

Mwaka 1943 Hevesy alitorokea Uswidi. Nobel ya Kemia ya mwaka huo, iliyotangazwa 1944, ikawa yake kwa ile mbinu ya kufuata mionzi.

Vita vilipokwisha, chupa ilikutwa palepale. Atomu za dhahabu zilirudishiwa elektroni zao kwa kemikali nyingine, nayo dhahabu ikajitenga na maji. Mwaka 1950 ilipelekwa Stockholm, medali zikatengenezwa upya, na Franck akapokea yake 1952.

Hevesy alifariki Freiburg, Ujerumani, Julai 5, 1966, akiwa na miaka 80. Risasi aliyoshindwa kuitenganisha ilimpa Nobel yake, na dhahabu aliyoipoteza machoni pa watu ilirudi kwa wenyewe.