Kivoi wa Kitui: Shujaa aliyesimuliwa na mgeni wake

Ukisoma kuhusu jina la nchi yetu lilikotoka, hukosi kumpata Kivoi wa Mwendwa. Mkamba huyu wa Kitui alikuwa tajiri wa pembe za ndovu katikati ya karne ya 19. Misafara ya enzi hiyo ilitembea kwa miguu kutoka Ukambani hadi Mombasa, ikikata nyika yenye kiu, simba na wanyang'anyi. Haikuwa mchezo.

Mwaka wa 1849, Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyeishi Rabai, alipanda bara. Alipita Kikumbuliu, upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, akafika kwa Kivoi. Mwenyeji wake akamweleza kuhusu mlima mkubwa wenye weupe kileleni, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Desemba 3, Krapf akauona kwa macho yake akiwa Kitui. Jina hilo ndilo lililozaa Kenya.

Krapf alirudi mwaka wa 1851. Agosti hiyo, Kivoi alimchukua katika safari ya kuelekea mto Tana. Wakiwa karibu na mto, wanyang'anyi waliwavamia. Kivoi akauawa. Krapf alitoroka akabaki peke yake msituni.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo kalamu inapofanya kazi. Kivoi hakuacha maandishi yoyote. Kifo chake tunakijua hasa kupitia kitabu cha Krapf, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860.

Krapf anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Anatupeleka naye hadi mtoni, tunamwona akijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Anatembea usiku, anajificha mchana. Hiyo ndiyo taharuki mnayofundishwa katika somo la fasihi. Ukifika hapo ushasahau kwamba mwenye msafara amelala chini akiwa maiti, unachotaka tu ni Krapf apate maji.

Kisha anafika kwa watu wa Kivoi. Wao wanamlaumu kwamba hakufa na rafiki yake, na anahofia watamuua. Kwa kuwa tumeshaona kiu naye, jamaa hao wanatokea mbele yetu kama watu wakatili.

Hebu pindua mpangilio. Anza na boma la Kitui siku mkubwa wao alipokosa kurudi. Wake na watoto wanangoja. Anayetokea ni mgeni mmoja, mzima, na mwenyeji wake kafa. Hujabadilisha tukio hata moja, lakini sasa swali la jamaa lina uzito: mbona wewe umepona?

Hii haina maana kwamba Krapf alidanganya. Aliandika alichokipitia, na bila yeye tungejua machache zaidi. Lakini mwandishi huchagua tuanzie wapi na tukae karibu na nani, na huruma yetu hufuata huko.

Kwa hivyo ukishika riwaya ya mtihani au hata habari kwenye simu, uliza ni nani anasimulia, na ni nani ameuawa kwa mistari michache. Kisha, ukiwa na wazee Kitui au Makueni, waulize wanamkumbuka Kivoi vipi.