Wakili wa Washitakiwa Wasiopendwa

Sisi wa Korogwe na Handeni tuna sababu ya kumkumbuka Denis Nowell Pritt. Mwaka 1957 Serikali ya kikoloni iliyafunga matawi ya TANU ya wilaya hizi mbili. Amri ilitoka bomani, na amri ya bomani haikuwa na wakili. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa shitaka la kuwakashifu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, jarida la chama. Safari hii wakili alikuwepo. Waliosimama kumtetea Mwalimu ni Mahmud Rattansey, Kantilal Jhaveri, na Mwingereza mmoja wa miaka 70, mwenye kipara na miwani, aliyevuka bahari kwa ajili ya kazi hiyo. Huyo ndiye Pritt.

Alizaliwa London mwaka 1887, akaanza uwakili mwaka 1909, na mwaka 1927 akapewa cheo cha Wakili wa Mfalme. Mtu mwenye cheo hicho angeweza kuishi kwa raha kwa kutetea mabenki na matajiri. Yeye alichagua watu ambao Serikali haikuwapenda. Mwaka 1931 Waingereza walimkamata Ho Chi Minh huko Hong Kong, na hatari ilikuwa kwamba angetiwa mikononi mwa Wafaransa waliokuwa wakimtafuta. Pritt aliishughulikia rufani yake London, na shauri likamalizika kwa makubaliano yaliyomwezesha Ho kuondoka akiwa hai. Aliingia Bungeni mwaka 1935, akafukuzwa katika chama chake cha Labour mwaka 1940, na mwaka 1945 wapiga kura wakamrudisha Bungeni bila ya chama hicho.

Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tulimfahamu zaidi kwa Kapenguria. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Jomo Kenyatta alikamatwa. Alishitakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba kwa kosa la kuiendesha Mau Mau. Serikali iliipeleka kesi mbali na macho ya watu, katika kijiji cha kaskazini-magharibi karibu na mpaka wa Uganda, mahali ambapo mtu hakuingia ila kwa kibali. Hapakuwa na hoteli wala reli. Chumba cha darasa ndicho kilichofanywa mahakama, na mawakili walilala Kitale, wakisafiri kila siku kwenda na kurudi.

Pritt aliongoza mawakili waliotoka pande nyingi za dunia. Alikuwepo H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, Fitz de Souza na Achhroo Kapila wa Nairobi. Ndugu zetu wa Visiwani watapenda kujua kwamba alikuwepo pia mtu wa kisiwani, Dudley Thompson wa Jamaica, ambaye wakati huo alikuwa wakili Tanganyika.

Pritt hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alimpinga mkalimani wa mahakama, Louis Leakey, kwa kuwa alikuwa ameegemea upande mmoja, hata Leakey akajiondoa. Alipeleka simu ya maandishi kwa Wabunge wa London akilalamika kwamba haki inanyimwa. Kwa simu hiyo akashitakiwa mwenyewe kwa kuidharau mahakama, na akaachiliwa. Alivuka kila kizuizi kwa kutumia sheria za Waingereza wenyewe. Hata hivyo, tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwatia wote hatiani na kuwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Baadaye ilijulikana kwamba Serikali ilimlipa hakimu huyo pauni 20,000 mbali na mshahara wake. Na mwaka 1958 shahidi mkuu wa Serikali, Rawson Macharia, aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Kesi ya Mwalimu nayo haikushinda. Mwezi Agosti 1958 alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Miaka mitatu baadaye Tanganyika ilikuwa huru, na mwaka 1963 Kenya nayo ikapata uhuru, ikiongozwa na yule mfungwa wa Kapenguria. Tunaona basi kwamba wakili aweza kushindwa mahakamani na bado akaifanya kazi yake. Aliihifadhi kweli katika kumbukumbu za mahakama hadi siku yake ilipofika.

Pamoja na sifa hizi, hatutamficha msomaji doa lake. Mwezi Agosti 1936 Pritt alihudhuria kesi ya Zinoviev na wenzake mjini Moscow. Washitakiwa 16 walisimama bila wakili, wakakiri makosa, na wote wakapigwa risasi. Pritt alirudi Uingereza akaandika kijitabu kuisifu kesi hiyo kuwa ya haki. Mwaka 1988 mahakama ya Kisovieti yenyewe iliwasafisha Zinoviev na wenzake. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mtu aliyeuona uonevu wa Kapenguria kwa siku chache hakuuona ule wa Moscow, kwa kuwa waliokuwa wakiutenda ni rafiki zake.

Tusimcheke. Sisi wa Chama tulioutegemea utetezi wake mwaka 1958 tulipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Na Visiwani, katika kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa hawakuruhusiwa kuwa na mawakili wa kuwatetea. Msiba ulikuwa mkubwa na hasira ilikuwa ya haki, lakini hasira haiwezi kufanya kazi ya mtetezi.

Pritt alifariki dunia mwezi Mei 1972. Viongozi wetu wa wilaya leo wanakalia viti walivyokalia wale mabwana shauri. Kila mmoja wao atafikiwa na siku ambapo mtu asiyependwa ataletwa mbele yake, na wote waliomzunguka watakuwa na hakika kwamba ana hatia. Siku hiyo na amkumbuke Pritt wa Kapenguria na vilevile Pritt wa Moscow, kisha aulize kabla ya jambo jingine lolote: je, mtu huyu amepata wa kumsemea?