Ibn Sina na Njia ya Maumivu

Bila shaka umelisikia jina la Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980. Katika kitabu chake Al-Qanun alitaja aina 15 za maumivu: ya kudunga, ya kupwita, ya kuwasha na nyinginezo.

Galen, tabibu wa Kiyunani, alifundisha ya kwamba chanzo cha maumivu ni kuchanika kwa mwili. Ibn Sina alimheshimu, lakini hapa alimpinga: joto au baridi ya ghafula huumiza hata pasipo jeraha. Jaribu kufikiri. Ukigusa chungu cha moto, wauondoa mkono ngozi ikali nzima. Leo twajua ya kuwa ncha za mishipa ya fahamu hulihisi joto lile, zikapeleka habari kwa umeme hafifu hadi uti wa mgongo, unaoamuru mkono uondoke kabla ubongo haujatambua uchungu. Umeme huo yeye hakuujua; alidhani ni pumzi nyembamba ipitayo mishipani.

Msokoto wa tumbo ulimtesa mwishoni mwa maisha yake. Alijitibu mwenyewe, na mtumishi akamzidishia afyuni. Ugonjwa ulipomrudia njiani kwenda Hamadan, aliacha dawa, akafariki huko mwaka 1037.