Counsilman: Kocha aliyetazama chini ya maji

Marehemu James Counsilman wa Marekani alikuwa rubani wa vita kabla ya kuwa kocha wa kuogelea katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1957. Hakuridhika kufundisha kwa kukisia. Makocha wengi walisisitiza mkono uvutwe moja kwa moja majini. Kamera yake iliwaonyesha waogeleaji hodari wakiupinda. Mwaka 1972 mwanafunzi wake, Mark Spitz, alitwaa dhahabu saba mjini Munich. Mwaka 1979, akiwa na miaka 58, Counsilman mwenyewe aliogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Alifariki dunia mwaka 2004.

Wataalamu walisahihisha baadhi ya nadharia zake, lakini desturi yake imebaki. Hata mwalimu wa michezo huko Bokoli, Bungoma, asiye na kamera, aweza kuifuata: amtazame mwanafunzi kwanza, ndipo amfundishe.