Bibi Thorne na Vyumba Vyake Vidogo

Bibi Narcissa Niblack Thorne alizaliwa mwaka 1882 mjini Vincennes, Indiana, Marekani. Aliolewa na tajiri, akasafiri Ulaya akikusanya samani ndogo za nyumba za wanasesere. Miaka ya 1930, kazi zilipoadimika nchini mwake, aliwaajiri mafundi stadi wa Chicago wamjengee vyumba kwa kipimo cha inchi 1 kwa futi 1. Kiti kizima kilienea kiganjani. Alifariki mwaka 1966. Vyumba 68 vimehifadhiwa katika Art Institute of Chicago. Vijana mlio karakana, kumbukeni: kitu kidogo chataka vipimo sahihi kama kikubwa, na mwenye mali akimthamini fundi, wote wawili huacha kumbukumbu.