Kichwa cha Mkwawa: Kiliwekewa bei ya rupia 5,000, leo watu wanalipa kiingilio kukiona

Ukifika Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, unalipa kiingilio, unaingia kwenye jumba dogo la makumbusho, na ndani ya kasha la kioo unakutana na fuvu la binadamu. Watalii wengi hulitazama dakika chache tu, kisha wanaendelea na safari yao ya Ruaha.

Fuvu hilo linatajwa kuwa la Mkwawa. Na hii si mara ya kwanza kwa kichwa chake kuhusishwa na pesa.

Mtwa wa Wahehe

Mkwavinyika, maarufu kama Mkwawa, alizaliwa miaka ya 1850. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo za Wahehe. Alipofariki mwaka 1879 ukazuka ugomvi wa madaraka, na mwishowe Mkwawa akaibuka mshindi.

Akaitanua himaya, akajenga ngome ya mawe Kalenga. Misafara ya biashara kutoka pwani ikawa inamlipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ipite.

Wajerumani hawakupenda. Agosti 17, 1891, kikosi chao kikiongozwa na Emil von Zelewski kikaingia mtegoni Lugalo. Zelewski akauawa pamoja na mamia ya askari wake, na bunduki zao zikabaki mikononi mwa Wahehe.

Kichwa chapewa bei

Miaka 3 baadaye Wajerumani wakarudi na mizinga. Oktoba 30, 1894 Kalenga ikaanguka, lakini Mkwawa akatoroka na kuendelea kupigana akiwa porini kwa karibu miaka 4.

Hapo ndipo ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake.

Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, Mkwawa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Aliyemfikia alikuta maiti. Hata hivyo kichwa kikakatwa, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani.

Safari ya kurudi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakahakikisha suala hilo linaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu ndani ya miezi 6. Miezi ikapita, miaka ikapita, kimya.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Kumbe huko kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000! Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wapo wanaotilia shaka mpaka leo kama kweli ni lenyewe.

Twining naye hakutoka mikono mitupu. Serikali ya kikoloni ilijipatia sifa mbele ya Wahehe kwa kurudisha kitu ambacho mkoloni mwenzake alikichukua.

Sasa ni kiingilio

Ndiyo maana swali la Kalenga ni zito. Mzee wa kawaida akifariki, anazikwa na watu wanaliheshimu kaburi lake. Huyu kaburi lake liko Mlambalasi, lakini kichwa kiko kwenye kioo, na anayetaka kukiona analipa.

Kwa upande mwingine, bila jumba lile vijana wengi wasingejua habari ya Lugalo kabisa. Jengo linahitaji matunzo, mwongozaji anahitaji mshahara. Na safari hii pesa inabaki nyumbani, haiendi kwa aliyekata.

Tofauti hiyo ni kubwa, ila haifuti kila kitu. Zaidi ya miaka 120 tangu afariki, kichwa cha Mkwawa na mwili wake bado havijalala pamoja.